Meza ya Kerttu, Siku ya Supu ya Njegere

Kerttu Lumijärvi alikuja mji wa Oulu kutoka Kuhmo, mji mdogo wa mashambani, kusomea usanifu wa majengo, akapewa chumba kinachopakana na changu. Jiko tulitumia pamoja. Kiangazi kizima alikuwa amechuma matunda shambani ili apate kompyuta ya kuchorea, na Veikko Pelttari, fundi mwenye duka karibu na stesheni, akamuundia moja na kumhakikishia kwamba ingemfikisha hadi mahafali.

Haikufika hata Machi. Asubuhi ya kukabidhi michoro ya muhula, kompyuta ilitoa harufu ya waya ulioungua, ikazima, diski ikafa na kazi yote. Kerttu akafeli somo, ikambidi alirudie mwaka uliofuata.

Aliibeba mpaka dukani. Veikko hakufungua hata skrubu moja. Alimwambia mbele ya wateja, "Binti, hii si cherehani. Umeiua mwenyewe. Rudi Kuhmo ukachume matunda, huko hakuna kinachoungua."

Wateja wakacheka. Aliporudi nyumbani mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikampokea ile mashine.

Siku hiyohiyo aliipasua juu ya meza ya jikoni. Kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye skrini, ilikuwa kuukuu, imepanguswa vumbi na kubandikwa namba mpya. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawia mashine umeme, ilikuwa imeungua na haikuwa na jina la kiwanda. Ilikuwa na kibandiko cha duka la Veikko tu. Nilimshauri apeleke malalamiko kwa watetezi wa wanunuzi. Akasema watamwandikia barua, na yeye hataki barua.

Alijifundisha vifaa kimoja kimoja, kisha akaunda mashine yake. Wanafunzi wengi huanza na kadi ya picha, na pawasaplai wakainunua kwa chenji inayobaki. Yeye alianza na pawasaplai. Ikafuata prosesa yenye kasi, maana programu za kuchora majengo huitegemea hiyo, halafu memori ya kutosha na diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Kadi ya picha alichukua ya wastani. Kasha lilikuwa baya kwa sura, ila lina matundu mengi ya hewa.

Muhula mpya ulipoanza, kila Alhamisi, ambayo kwa desturi ya huko ni siku ya supu ya njegere, aliketi kwenye meza moja ya kantini ya chuo. Mwanafunzi anayetaka kompyuta alimweleza anasomea nini, naye akamwandikia orodha ya vifaa, bure. Katikati ya meza aliweka ile pawasaplai iliyoungua, kibandiko kikitazama foleni ya chakula. Jina la Veikko hakulitaja hata mara moja. Kibandiko kilitosha. Kufikia Krismasi hakuna mwanafunzi mpya aliyekanyaga duka lile.

Mwaka wa pili wa meza ile akaja msichana mmoja, Saimi, mwanafunzi wa jiolojia. Alipokea orodha yake, akashukuru, kisha akakiona kibandiko.

"Hili ni duka la baba," alisema.

"Basi kamuulize baba kilichokuwa ndani," Kerttu akajibu, akaita anayefuata.

Wiki haikuisha, Veikko akabisha mlango wetu, kofia mkononi. Alisema mwanawe hali tena meza moja naye, akaomba kile kitu kiondolewe.

"Mimi ulinisema mbele ya watu," Kerttu alimwambia. "Njoo Alhamisi useme mbele ya watu."

Alikuja. Alisimama kando ya masufuria ya supu, akaanza kunong'ona.

"Paza sauti," Kerttu akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akapaza. Alikiri kadi kuukuu, alikiri pawasaplai, alikiri kwamba tangu siku ile dukani alijua kosa ni lake. Saimi alikuwa kwenye foleni na trei yake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani aruhusiwe kukoma, lakini Kerttu alimtazama mpaka neno la mwisho, ametulia kama mtu anayepokea chenji yake.

Alhamisi iliyofuata pawasaplai ilikuwa mezani tena. Nilimuuliza kwa nini.

"Kwani nilimwahidi?" akasema.

Saimi aliingia, akaiona, akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi. Kerttu alimfuata kwa macho kidogo, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa akimsubiri, akamuuliza anasomea nini.