Fundi wa miwani ya bure anayewatafuta wasiolalamika

Saa mbili asubuhi mashine ya kusagia lenzi inalia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya macho. Mwanamke wa makamo aliyejifunga aproni ya bluu ameinamia jiwe linalozunguka, anageuza lenzi taratibu kwa ncha za vidole huku maji yakitiririka juu yake. Akikaza mkono kidogo, lenzi inapasuka. Akiusaga vibaya ukingo wake, haiingii kwenye fremu.

Humu ndani kila mtu anamwita Shangazi, kuanzia daktari wa macho hadi mfagizi, ingawa hana undugu na yeyote kati yao. Kazi yake ni kuwatengenezea miwani ya kupimiwa watu wasio na uwezo wa kuinunua, na hachukui hata senti moja.

"Dukani miwani kama hii ni mshahara wa mwezi mzima wa kibarua, na bado atadaiwa," anasema bila kuinua uso. "Sasa mtu afanyeje, aone au ale?"

Mwandishi wa makala haya alikuja kuandika habari za shukrani, na shukrani zipo tele. Benchi la nje limejaa watu wanaomwombea Shangazi maisha marefu. Siku inageuka pale anapoingia mtu asiye na shukrani hata chembe.

Ni bibi mfua nguo, mwembamba, mdomo wake haujui likizo. Alichukua miwani yake wiki iliyopita. Hasalimii; anaivua tu na kuibwaga mezani.

"We Shangazi, umenipa nini hiki? Nikishuka ngazi, ngazi inanikimbia. Jana nimeanika shuka pembeni ya kamba, likaanguka chini kwenye tope. Majirani wanadhani nimeanza kulewa uzeeni!"

"Si nilikwambia utazoea, bibi?"

"Nizoee nini? Mume mlevi nilimzoea miaka thelathini. Hii imenishinda!"

Benchi zima linaangua kicheko. Shangazi naye anacheka, anaichukua miwani na kuiweka kwenye kifaa cha kupimia lenzi, ilimradi tu bibi wa watu aridhike. Anachungulia. Anazungusha kitufe, anachungulia tena. Kicheko kinamwisha usoni.

"Hii si yako," anasema.

Kosa lenyewe ni jepesi kulifanya. Kuna mtu ambaye jicho lake halikukaa duara sawasawa, kwa hiyo lenzi yake lazima ielekee upande fulani. Akiivaa mtu asiyehusika, hata kama nguvu zinakaribiana, sakafu inainama na mstari ulionyooka unakwenda mshazari. Wiki iliyopita Shangazi alikuwa na jozi mbili za namna hiyo mezani, zote kwenye fremu nyeusi za msaada zilizotoka katika boksi moja. Umeme ukakatika. Uliporudi, foleni ilikuwa imefika barabarani, naye akazifunga lenzi haraka na kuwapa watu miwani bila kuwasomesha ubao wa herufi kama ilivyo desturi yake. Waliokunja uso aliwaambia neno analowaambia wote, kwamba watazoea baada ya siku chache.

Neno hilo si la uongo. Macho yaliyozoea ukungu huhitaji siku kadhaa kuikubali miwani mipya iliyo sahihi. Isiyo sahihi haizoeleki, na maskini aliyeambiwa avumilie hana njia ya kujua kwamba anavumilia kosa la fundi.

"Ile nyingine nilimpa nani?" Shangazi anajiuliza kwa sauti, ingawa uso wake unaonyesha kwamba anajua. "Mungu wangu. Yule seremala. Yule wa mashine ya msumeno!"

Daktari anamshauri ampigie simu. Simu inaita mpaka inakatika. Shangazi anaifunga ile miwani kwenye kitambaa, anamwomba bibi asubiri, na anatoka na aproni yake kiunoni.

Karakana iko mtaa wa pili, na mwandishi, aliye mdogo kwake kwa miaka mingi, anamfuata akihema. Shangazi anazungumza njia nzima, kama mtu anayeogopa kunyamaza.

"Nilifanya kazi duka kubwa la miwani miaka ishirini. Kule mteja akiona kaukungu kadogo tu, anarudi siku hiyohiyo na makelele. Nilikuwa nawachukia wale watu! Kumbe walikuwa wananilinda."

Duka hilo lilikuwa na mlinzi aliyewafungulia mlango matajiri wa kununua miwani, ilhali yeye mwenyewe hakuweza kumtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Shangazi alimtengenezea yake kwa lenzi za makombo, saa ya chakula cha mchana. Mlinzi akamleta mkewe, mke akamleta jirani. Mwenye duka akasema hapo si nyumba ya sadaka, achague moja. Alichagua, na anasema hajuti yeye, unaojuta ni mfuko wake.

"Ila hawa wangu hawasemi," anaongeza, na mwendo unazidi. "Umempa mtu kitu bure, hata kikimuumiza atakwambia asante."

Kelele za msumeno zinawapokea kabla hawajafika. Seremala yuko peke yake, anasukuma ubao mrefu kwenye meno yanayozunguka. Miwani nyeusi iko usoni. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, na Shangazi anaelewa mara moja kwa nini: anajaribu kuunyoosha mstari unaomkimbia.

Anafungua mdomo amwite, kisha anauziba kwa kiganja. Mtu akiitwa hugeuka, na akigeuka, mikono yake inabaki yenyewe na msumeno. Swichi iko ukutani nyuma ya mashine, lakini kuifikia ni kukatiza mbele ya macho yake na kumshtua. Hakuna la kufanya ila kusimama.

Ubao unaingia. Seremala anasita, anapepesa macho, anasukuma tena. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa chenye doa la damu. Shangazi anakiona, anashika mlango. Midomo inamcheza bila sauti. Ameshikwa na hofu waziwazi, wala hajali nani anamwona.

Vidole viko shubiri moja kutoka kwenye meno. Kisha nusu shubiri. Ubao unakatika, vipande vinaanguka, mikono inarudi nyuma yote miwili na seremala anazima mashine.

Ndipo anapomwona mgeni, na uso wake unachangamka.

"Shangazi! Karibu, karibu sana. Umekuja kunitazama? Naendelea vizuri. Bado kidogo tu nitaizoea."

"Kidole kimefanya nini?"

"Hiki? Juzi hapo. Uzembe wangu tu."

"Si wako." Anakifungua kile kitambaa. "Ni wangu. Nilikupa miwani ya mtu mwingine. Nisamehe, mdogo wangu."

Anamvua ile na kumvalisha iliyo yake. Seremala anatazama dari, mlango, kisha ule ubao alioukata sasa hivi. Mstari wa penseli umenyooka. Msumeno umepita kwingine kabisa. Anaketi juu ya mbao.

"Wiki nzima nimejua nimekwisha," anasema polepole. "Nilidhani mkono ndio umekufa. Hata mke wangu sijamwambia."

"Kwa nini hukurudi kwangu?"

Anainamisha macho, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. "Ningerudi nikasemaje, Shangazi? Umenipa bure, halafu nikuletee lawama? Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo wangu ukivunjika utaunga. Kidole hakiungi."

Shangazi anaketi karibu naye, na mpango wake unatoka hapohapo, kwa hasira. Kuanzia leo hakuna atakayeondoka bila kusoma ubao, hata foleni ifike wapi. Kila aliyepewa miwani atarudi baada ya wiki, pamoja na anayejiona mzima. Asiyerudi atafuatwa kwake.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha kuficha. Siku ile umeme uliporudi sikumsomesha mtu hata mmoja."

Seremala anainua kichwa. "Tulikuja wawili siku ile. Rafiki yangu mpaka rangi alichukua yake baada yangu."

"Anaionaje?"

Seremala anafikiri. "Hajasema kitu."

Shangazi anasimama, anajipangusa vumbi la mbao. "Leo anapaka wapi?"

Seremala anampeleka mlangoni na kunyoosha mkono kuelekea jengo jipya la ghorofa mwisho wa barabara. Juu kabisa, kwenye ukuta uliopakwa nusu, mtu mmoja amesimama juu ya ubao unaoning'inia kwa kamba, anaukurubia ukuta na kurudi nyuma, anaukurubia na kurudi nyuma.

Shangazi ameshavuka barabara.