Hundi ya Mjomba

Mpaka leo nikiikumbuka ile soda ya machungwa damu inanichemka. Meneja wetu aliitoa kwenye friji ya ofisini kwake, akaifungua mwenyewe, akampelekea yule mama kwenye kiti cha wageni kwa mikono miwili. "Karibu mama, burudika kidogo, mtandao unasumbua." Mtandao ulikuwa mzima kabisa, na yeye alikuwa ameshapiga simu polisi. Jamani! Kwetu Newala ukimpa mtu kinywaji umempokea, yuko chini ya paa lako. Humpi soda huku umemwitia pingu.

Nilikuwa karani wa dirishani kwenye tawi moja la benki pale Masasi. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mama yangu husema mkunga alinipaka pilipili badala ya asali. Nimeshaitwa ofisini kwa sababu ya huu mdomo mara nyingi tu, na mara nyingi nilistahili. Siku ile sikustahili.

Ilikuwa msimu wa malipo ya korosho. Ukumbi umejaa wakulima kutoka kila upande, wengine wamekaa sakafuni, wengine wamelaza vichwa kwenye magoti. Yule mama alifika dirishani kwangu katikati ya asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Akanipa kitambulisho chake na hundi. Siku hizi hundi hatuzioni sana, watu wanatumiana pesa kwa simu, lakini wenye biashara bado wanavyo vitabu vyao. Hii ilitoka kwenye akaunti ya mzee mmoja mwenye duka la pembejeo huko Newala, anauza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho.

Nikaiangalia sahihi. Lo! Ilikuwa imepinda, imekatika katikati, utadhani aliyeiandika alikuwa amepanda trekta. Nikafungua sahihi ya mzee kwenye kompyuta. Iliyoko pale ilikuwa imenyooka. Haikufanana. Hapo sijilaumu hata kidogo, kwa sababu sahihi isipofanana unapeleka kwa mkubwa wako, ndiyo kazi. Nikamwambia, "Nisubiri kidogo dada," nikaipeleka hundi kwa meneja.

Meneja alikuwa mgeni, ametoka mbali huko kaskazini, hata harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, hajaizoea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu za hundi ya mashaka alikuwa amezimeza zote. Usimrudishie mteja hundi. Usimwambie kwamba unamshuku, atakimbia. Usimguse. Mpe sababu yoyote ya kusubiri, mweke mahali unapomwona, mlinzi asogee mlangoni polepole kama anayenyoosha miguu. Mpigie mwenye akaunti. Akikana, ita polisi, kisha endelea kutabasamu mpaka wafike.

Basi akaingia ofisini kwake, akapiga ile namba ya mzee iliyoko kwetu. Alipotoka uso ulikuwa umembadilika. Ndipo ikaja soda.

Nikarudi dirishani kuhudumia wengine, lakini jicho langu liko kwa yule mama. Alikunywa nusu, akamshukuru meneja, akamshukuru mlinzi ambaye hata hakumpa kitu. Baada ya muda akanyanyuka, akanijia pembeni ya dirisha.

"Dada, mtandao bado? Nina mgonjwa, na dereva ananisubiri."

"Bado kidogo," nikasema, na ulimi ukaniwasha. Nikamfuata meneja. Nikamwambia mteja anasema ana mgonjwa.

"Wote husema wana mgonjwa," akanijibu. "Mwenye akaunti nimeongea naye mwenyewe. Kasema huyo mwanamke ni mwizi mkubwa, tumfunge kamba tusimwachie. Tena alikuwa anacheka, nadhani kwa hasira."

"Alicheka?"

"Alicheka sana."

Nimezaliwa kule juu Newala, najua ni nani kwetu anayekuita mwizi huku anacheka. Mtu anayeibiwa pesa zake hacheki. Anayecheka hivyo ni mtani. Na mtani mkubwa kuliko wote ni binamu yako, mtoto wa mjomba au wa shangazi. Binamu anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kofia msibani, na wewe huruhusiwi kununa. Nimesikia binamu zangu wenyewe wakiniita mwizi tangu sijui kuiba ni nini.

"Meneja," nikamwambia, "hukuongea na mzee."

"Nimempigia namba yake."

"Namba ni ya mzee. Aliyepokea siyo mzee."

Akanitazama kama niliyepandisha mashetani. Akanikataza kabisa kuzungumza na yule mama, eti nitamshtua. Nikamwacha anaongea, nikaenda kukaa kiti cha pembeni ya yule mama.

"Dada, mwenye hundi hii ni nani wako?"

"Mjomba wangu. Kaka yake mama."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Si yuko Mkomaindo, wodini! Ndiye mgonjwa mwenyewe. Daktari kaandika apelekwe Mtwara leo. Gari la wagonjwa limetoka na mama mwenye uchungu wa kuzaa, nikatafuta la kukodi. Dereva yuko getini pale hospitali, hataki kuondoka bila pesa mkononi."

"Na simu yake anayo?"

"Simu ya biashara hiyo, iko dukani kwa mwanawe. Binamu yangu."

"Mnaelewana?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kha! Yule mwendawazimu? Juzi kaniambia nikitangulia kufa ataniuza kwa fisi kwa kilo."

Haya, kitendawili gani tena kilibaki hapo? Maswali mawili matatu tu, na mambo yote yako hadharani. Lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza! Ndiyo maana mpaka leo nazichukia taratibu zile. Mtu anafichwa kwamba anashukiwa, kwa hiyo hapewi nafasi ya kujitetea. Anapewa soda.

Nikarudi kwa meneja, sasa hata sauti siishushi. Nikamwambia hospitali ya Mkomaindo siyo safari, atume mtu akamuulize mzee kitandani kwake. Akasema taratibu haziruhusu, na kwamba polisi wameshafika kona. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wateja walioko mbele wakaacha kuulizana foleni.

Polisi walikuwa wawili, mmoja mtu mzima, mwingine bado ana makali ya chuo. Meneja akawapa hundi, akanyoosha kidole. Yule mama hakuelewa. Alipoona wanamjia alisogea akawapisha njia, akidhani wanapita. Wakamfunga pingu pale pale, mbele ya ukumbi mzima.

"Mwizi huyo!" mtu akasema, na simu zikanyanyuliwa kumpiga picha. Mungu anisamehe, nilitamani kuzitwanga zote kwenye kinu. Khanga ikamteleza begani ikaanguka chini, na mikono imefungwa, hawezi kuiokota. Akabaki amesimama na blauzi yake iliyochanika kwapani, hana hata pa kujifichia. Alikuwa anasema, "Mjomba, mjomba," wala hakuna aliyemsikiliza.

Nikafunga droo yangu, nikamrushia mwenzangu ufunguo, nikatoka nje ya kaunta. Nikaokota khanga, nikamfunika. Kisha nikamgeukia yule mtu mzima.

"Afande, mwenye hundi amelazwa Mkomaindo. Pitieni pale mumuulize. Akimkana, nifungeni na mimi."

Afande akamtazama meneja, akanitazama mimi. Akashusha pumzi. "Panda gari," akasema. Meneja alinifuata mpaka mlangoni akiita kwamba nimeacha dirisha saa za kazi. Aliniandikia onyo kesho yake, na ninalo mpaka sasa. Nimelitunza vizuri kuliko vyeti vyangu.

Tulipofika getini hospitali dereva hakuwepo. Muuza karanga akasema amepata abiria wengine, ameondoka sasa hivi. Yule mama alifumba macho tu.

Mjomba mtu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mzee mrefu aliyekwisha mpaka mifupa ya mashavu. Alipomwona mpwa wake katikati ya askari, mikono mbele, alijaribu kunyanyuka, akashindwa. Afande akatoa hundi.

"Mzee, sahihi hii ni ya kwako?"

"Mfungueni kwanza."

"Tunataka jibu tu, mzee wangu, halafu..."

"Mfungueni kwanza, ndipo mniulize."

Yule askari kijana akasema haiwezekani, sheria hairuhusu. Mzee akageuza uso, akautazama ukuta. Hata mgonjwa aliyekuwa anakohoa akajizuia. Nilikuwa na hasira, lakini ndani ya hasira ile kulikuwa na raha, haki ya Mungu. Afande mtu mzima akatoa ufunguo, akamfungua. Alama nyekundu zilikuwa zimeshamkaa mikononi.

Mzee akageuka. "Sahihi ni yangu. Nimeandika nikiwa nimelala hapa hapa. Huu mkono hamuoni unavyocheza? Na huyu ni mtoto wa dada yangu. Akiniibia, ameniibia chake."

Afande akatoa simu yake, akapiga ile namba ya dukani, akaweka sauti ya juu wote tusikie. Akajitambulisha. Upande wa pili mwanamume akaangua kicheko.

"Mmeshamfunga yule mwizi?"

Afande akamtazama yule mama. Kicheko kikapungua chenyewe. "Haloo? Afande? Nilikuwa namtania tu jamani. Binamu yangu huyo. Nilijua na nyie mtacheka."

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Angalau huyu alikuwa mjinga. Aliyekuwa na kompyuta, cheo na simu tatu mezani ndiye sijamsamehe. Afande akamuuliza mzee kama anataka mwanawe afikishwe kituoni kwa kudanganya benki. Mzee hakumtetea mwanawe wala hakumshitaki.

"Muulizeni aliyefungwa," akasema.

Yule mama alikuwa anasugua mikono yake. Akanyoosha mkono, akapewa simu. Nilidhani atamtukana, na kwa kweli nilitaka amtukane, mimi tayari nilikuwa na matusi ya kumwazima. Hakutukana. Aliongea taratibu kabisa.

"Gari la kumpeleka baba yako limeondoka. Tafuta gari huko, ulipe wewe, lifike hapa kabla ya alasiri."

"Nimesikia binamu. Sasa hivi. Lakini ulivyofungwa pingu..."

"Sijamaliza. Mimi nimekuzidi umri. Kuanzia leo utani na wewe sina. Niamkie."

Asiyejua ataliona jambo dogo. Kwetu mtani humwamkii kwa heshima, ukimwamkia umemfanya mtu baki. Nimeona watu wamekatana kwa mapanga, wakapatana, wakarudi kutaniana. Utani kuvunjwa hivi, kwa mdomo, mbele ya baba mwenyewe, sijawahi kuuona. Mzee pale kitandani alifunga macho. Yule askari kijana akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Binamu, tafadhali," sauti ikasema.

"Niamkie."

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Alimrudishia afande simu yake, akaanza kukunja shuka za mjomba wake.