Baiskeli ya Wagonjwa Iliyobaki Kamukuzi

Ijumaa, nje ya ofisi moja ya serikali pale Kamukuzi, mjini Mbarara, nilimkuta mkimbizi Mkongomani kutoka kambi ya Nakivale. Alikuja kuomba ruzuku ya ubunifu wa usafiri kwa baiskeli aliyoiunganishia kitanda cha magurudumu, ya kubebea wagonjwa.

Afisa aliizunguka, akabonyeza godoro kwa kidole kimoja.

"Iko muzuri. Lakini mukubwa lazima aone na macho yake. Acha hapa, rudi Jumatatu."

"Bosi, kwetu kuko hii moja tu."

"Sasa unataka pesa ama hutaki?"

Akaiacha. Alilifunika godoro kwa koti lake, mvua isilinyeshee.

Tulipanda gari moja kurudi upande wa Nakivale. Kabla ya kufika mji wa Kaberebere simu yake ikalia: mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Alisikiliza, kisha akasema polepole, "Bamubebe ku mugongo. Kinga iko Mbarara." Kwao kinga ni baiskeli.

Jumatatu tulikutana tena pale. Aliniambia mama amepona, mtoto hapana. Afisa akatoka.

"Mukubwa anauliza, bila hii kitu watu wenu wanapata shida gani?"

Sijawahi kusikia ofisi ikiuliza swali zuri namna hiyo, kwa kuchelewa namna hiyo.