Neno la Nahodha

Nahodha wetu hasemi kamwe kwamba tutafika. Husema, "Tunaelekea Amorgos," hata kisiwa kikiwa puani, kwa sababu mabaharia wa kwetu wanaogopa kuisemea bahari. Mimi humtania, "Nahodha, na kwa mkeo unaelekea tu?" Naye hucheka, akipapasa usukani kama shingo ya punda. Jana upepo wa kaskazini ulitupiga tangu asubuhi, na bibi Evanthia, aliyekuwa akienda kumwona dada yake mahututi, akauliza, "Tutamkuta, mwanangu?" Nahodha akatema mate mara tatu kufukuza nuksi. "Tutafika, mama. Nimesema." Bandarini mpwa wa bibi akaita, "Mama mdogo, fanya haraka, anakuulizia." Nahodha akainama, akaanza kuifunga upya kamba niliyokwisha kuifunga.