Pasi Yangu Ilikuwa na Wiki Sita

Jamani, hili nililificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia uso unaniwaka. Nilijiaibisha bandarini Mwanza, mchana kweupe, mbele ya kwaya nzima ya kanisa letu la Mkolani, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeacha kazi kwenye kiwanda cha pamba nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, basi nikajiona mtu kwelikweli. Dada yangu Leticia, mjane aliyekuwa ameolewa Kampala, akaniandikia barua: binti yake anafunga ndoa Jumamosi, baba hayupo, nije mimi mjomba nimshike mkono hadi madhabahuni. Nikakata tiketi za meli familia nzima (daraja la pili, na kila mteja dukani nilimwambia).

Alhamisi mke wangu akasema, "Baba Neema, twende kwanza uhamiaji wakazitazame hizi pasi."

"Yangu haijaisha," nikamjibu. "Ina wiki sita bado, na sisi tunakaa siku nne tu!"

Nikaenda zangu kwa fundi kupunguziwa suruali ya suti. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Ijumaa alasiri mizigo imeshapanda, kwaya inatuimbia, afisa wa uhamiaji, mama mmoja mpole, akafungua pasi yangu, akaifunga. "Mzee, inatakiwa iwe na miezi sita mbele. Kwa hii hupandi."

Ningenyamaza, pengine wenzangu wangepita. Lakini nikapandisha sauti, nikamuuliza kama ananijua mimi ni nani (nani anijue, muuza misumari?), kwaya ikakatiza wimbo ili isikie vizuri, na yule mama, aliyekuwa karibu kuigonga muhuri pasi ya mke wangu, akaanza kuisoma mstari kwa mstari. Watoto wetu watatu walikuwa wameandikwa humo, ndivyo ilivyokuwa wakati ule.

"Huyu Neema ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minne," nikadakia.

Akamgeukia Neema mwenyewe. "Binti, uko darasa la ngapi?"

"Shikamoo mama. Niko kidato cha nne," mtoto akajibu kwa adabu, kama nilivyomlea. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. "Kwa umri huo haandikwi tena kwa mama, alitakiwa awe na pasi yake. Jana mngekuja ofisini mngeandikiwa hati za muda, wewe na yeye, kwa picha mbili tu. Sasa ofisi imefungwa na meli inaondoka."

Nikapiga magoti, jamani, na suti ile.

"Inuka, mzee," akasema taratibu. "Unamtia mtoto aibu."

Mke wangu akapanda na wale wadogo wawili bila kuniaga. Neema alikuwa awe msimamizi wa bibi harusi, na gauni lake liliondoka ndani ya sanduku. Akasimama akiutazama ukuta wa ghala, analia, kila nikimgusa bega anasogea. Wanakwaya wakaondoka mmoja mmoja wakiniambia "pole" huku wanatazama pembeni.

Mke wangu aliporudi nikamuuliza dada alisemaje.

"Alikuja bandarini na ndugu wa mumewe kukupokea," akasema. "Nilipomweleza hakugomba. Alisema tu, 'Kwa hiyo hakuona haja ya kuuliza.' Akampeleka binti madhabahuni mwenyewe."

Dada ameshafariki. Hakuwahi kunitajia siku ile, nami kila nilipotaka kumwomba radhi niliona haya, nikaahirisha, mpaka hakuna wa kuombwa. Sasa tukisafiri, hata Nansio tu, kisiwani humu humu nchini, ambako hakuna anayeuliza pasi, Mama Neema akisema twende kwanza tukaulize, sibishi. Navaa viatu, natangulia.