Msumari wa Pazia

Watu wa mtaani walimwita Mama Hodi, na jina hilo alipewa na kazi yake. Alikuwa dalali wa nyumba. Madalali wengine wakipata mteja humpeleka moja kwa moja nyumbani kwa muuzaji, wakafungua madirisha, wakasifu vigae, wakadai chao. Yeye, kabla ya kukanyaga kizingiti cha nyumba inayouzwa, aligonga kwanza milango ya majirani. "Hodi humu ndani!" Upande wa kulia, upande wa kushoto, na nyuma. Akikaribishwa aliketi, akawajulia hali watoto, akanywa maji akipewa, kisha ndipo alipouliza alichokuja kuuliza.

Utaratibu huo ulimfaa kwa miaka mingi. Kuna mwalimu ambaye Mama Hodi alimzuia asinunue nyumba nzuri yenye geti jekundu, kwa sababu jirani wa nyuma alimwambia mvua kubwa zikija mitungi huelea sebuleni. Alipokwenda kuukagua ukuta aliukuta umepakwa rangi mpya, lakini mpaka usawa wa goti tu. Wateja wake aliwapa ushauri mkavu, bila sukari. Kaitazame nyumba mvua inaponyesha, si jua linapowaka. Fungua bomba jioni, wakati kila mtu anapika, uone kama maji yanatoka au linakohoa tu. Muulize muuzaji kwa nini anauza. Siku nyingine muulize tena, usikilize kama jibu ni lile lile. Na usiisifu nyumba mbele ya mwenye kuiuza.

"Sifa zako ndizo atakazokuuzia," alikuwa akisema.

Safari hii mteja alikuwa damu yake, mtoto wa kaka yake, kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu tangu hajaota ndevu zake mwenyewe, na kila alichokipata alikigawa: cha kula, cha ada, na cha nyumba. Cha nyumba hakuwahi kukigusa, hata mwaka ule alioumwa mgongo akashindwa kusimama. Sasa kilikuwa kimefika kiasi cha kununulia nyumba ndogo, na haja ilikuwa imefika pia. Vyumba alivyopanga vilitakiwa mwisho wa mwezi, maana mwenye vyumba alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume, na bwana harusi alihitaji pa kuweka kitanda. Kinyozi akipoteza fedha ile hakuwa na umri wa kuianza upya, na alilijua hilo. Ndiyo maana alimwendea shangazi yake.

Nyumba iliyopatikana ilikuwa na sebule, vyumba viwili, jiko, na chumba cha uani alimoishi mpangaji, mwanamke wa kufua nguo za watu. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo aliyevaa tai hata akienda dukani kununua kiberiti. Kila mtu alimwita Bwana Tai. Alisema anauza ili apanue biashara yake. Mama Hodi alimuuliza siku ya kwanza, akamuuliza tena siku ya tatu, na jibu halikubadilika.

Mke wa kinyozi alikuwa mchapakazi na mcheshi, lakini ulimi wake haukuwa na komeo. Siku walipokwenda kuitazama nyumba alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni.

"Jamani, jiko hili! Hapa hata mama mkwe akija na mizani ya kunipima, hapati kosa!"

Mama Hodi alimfinya, lakini alichelewa. Bwana Tai alikuwa ameshatabasamu, na tangu dakika hiyo bei yake haikuteremka tena.

Nyumba za upande ule hazikuwa na hati. Ulinzi wa mnunuzi ulikuwa karatasi ya mauziano, mashahidi, na muhuri wa ofisi ya mtaa. Bwana Tai alisema karatasi za zamani za kiwanja zililiwa na mchwa. Neno kama hilo lingetosha kumwamsha dalali yeyote mwenye akili, nalo lilimwamsha Mama Hodi. Alikwenda kugonga milango.

"Hodi, jirani. Samahani, mwenye nyumba ile ni nani?"

"Si Bwana Tai?" alijibu muuza mkaa wa upande wa kulia.

Wa kushoto alijibu vivyo hivyo. Wa nyuma naye. Hata mpangaji wa uani, mikono yake ikiwa ndani ya povu, alisema, "Mwenye nyumba ni yeye, mama. Kodi nampa yeye."

Mama Hodi akatosheka. Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea. Mtu akizoea kuuliza swali moja kwa miaka mingi, mwishowe husikiliza mazoea yake badala ya jibu.

Kisha Bwana Tai akaleta haraka. Alisema kuna mtu mwingine anakuja na fedha mkononi, na kama wao wanaitaka kweli, basi waje kesho, na walete fedha taslimu.

"Mimi nawapenda nyinyi," alisema, "lakini mapenzi hayafungui duka."

"Kwa nini isipitie benki?" Mama Hodi aliuliza.

"Benki wana makato, mama. Tuwalishe wao kwa jasho letu?"

Njiani kurudi Mama Hodi alimwambia kinyozi wangoje. Haraka ya muuzaji, alisema, ni mzigo wa muuzaji. Mnunuzi hana sababu ya kuubeba. Kinyozi alisimama palepale barabarani.

"Shangazi, nikiikosa hii watoto nitawalaza wapi? Kwenye kiti cha kunyolea? Wewe mwenyewe umeuliza majirani wote. Sasa tunangoja nini?"

Mama Hodi akakubali.

Kesho yake walikusanyika katika sebule ile. Karani wa ofisi ya mtaa, mtu aliyehamishiwa hapo hivi karibuni, alikaa kichwani mwa meza na muhuri wake. Muuza mkaa alikuja kuwa shahidi, amevaa shati safi, ila kucha zilikuwa zile zile. Kinyozi alipakata mkoba wake kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Mkewe alikuja na kikapu, na ndani yake pazia. Alikuwa ameshalishona.

"Hata karatasi hazijaandikwa, na wewe unakuja na pazia?" Mama Hodi alimnong'oneza.

"Nataka kulipima tu, shangazi. Dirisha haliumi."

Karatasi ikaandikwa, ikasomwa kwa sauti. Bwana Tai akatia sahihi, kinyozi akatia ya kwake. Karani akafungua kikopo cha wino, akasema, "Haya, mpe mwenzako fedha, azihesabu mbele yetu, nigonge muhuri tuachane kwa heri." Bwana Tai akanyoosha mkono mezani. Mke wa kinyozi hakuvumilia kuangalia. Aliinuka akaenda uani kutafuta nyundo.

Zipu ya mkoba ilikuwa imefika nusu aliporudi, anacheka.

"Makubwa haya! Nimeomba nyundo nipige msumari wa pazia, mpangaji ananiambia humu msumari haupigwi mpaka mwenye nyumba apige simu! Kaka, kumbe na wewe una mkubwa wako?"

Karani alicheka. Bwana Tai naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa.

"Wapangaji," alisema. "Maneno yao mengi kuliko kodi yao. Bwana kinyozi, tuendelee."

"Anampigia nani?" Mama Hodi aliuliza.

"Mama, karani ana kazi nyingine."

"Karani atangoja. Ukitaka kupiga msumari, unampigia nani simu?"

"Shangazi, tafadhali," kinyozi alisema bila kuinua macho. "Ni msumari tu."

Mama Hodi akaweka kiganja chake juu ya mkoba. Bwana Tai alikuwa ameshaushika upande wa pili, kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Hakuna aliyevuta, na hakuna aliyeachia.

"Jirani," Mama Hodi alimgeukia muuza mkaa. "Nilipokuja kwako niliuliza mwenye nyumba hii ni nani."

"Ndiyo, nikakwambia huyu. Na ndiye."

"Sasa nakuuliza swali jingine. Nani aliijenga?"

Muuza mkaa alijikuna shingo. "Kujenga? Kujenga alijenga dada yake, yule aliyeko ng'ambo. Matofali yalishushwa mbele ya mlango wangu, yakanizibia njia wiki nzima. Huyu bwana alikuwa anasimamia mafundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Uliuliza mwenye nyumba. Kodi anachukua nani? Bomba likivuja anatukanwa nani? Si yeye? Basi mwenye nyumba nani tena?"

Na kwa lugha yetu hakuwa amesema uongo. Mwenye nyumba ni aliyeinunua au kuijenga. Lakini vinywani mwetu mwenye nyumba ni yeyote anayepokea kodi na kugomba taa zikiachwa zinawaka. Mpangaji halazimiki kujua zaidi ya hapo. Mnunuzi analazimika.

"Alinipa," Bwana Tai alisema. "Dada alinipa nyumba hii. Mafundi wezi wale, jua lote lile, nani alisimama hapa? Yeye alikuwa wapi? Alituma fedha tu, nyumba imeinuka kwa miguu yangu."

"Inawezekana," Mama Hodi alisema. "Mpigie basi, atuambie hivyo. Tusikie sote."

"Saa hizi huko yuko kazini."

"Atatusamehe."

"Sina salio."

"Mimi ninalo," ilisikika sauti mlangoni. Alikuwa mpangaji, povu likimkauka mikononi. "Na namba yake ninayo. Nilipofiwa na mume alinipigia kunipa pole." Aliutazama mkoba, kisha ile karatasi. "Mimi sikujua kama mnauziana. Baba mwenye nyumba alisema mnakuja kupanga."

Mama Hodi alikumbuka kwamba kote alikokwenda aliuliza ya mwenye nyumba, na hakuna mlango hata mmoja ambako alitamka kwamba nyumba inauzwa. Siku zote aliificha habari hiyo, madalali wengine wasimwahi.

Mpangaji alibonyeza namba, akaiweka simu mezani, kando ya muhuri. Iliita, ikaita, ikakatika. Bwana Tai akavuta mkoba kidogo.

"Mmeona? Tumalizane, nitawaletea barua yake."

"Piga tena," Mama Hodi alisema, na kiganja chake kilikuwa palepale.

Iliita. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke aliyechoka, na nyuma yake mlio wa mashine.

"Haloo? Haya, safari hii ni msumari wa nini tena?"

Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu, pole na kazi," Mama Hodi alisema. "Hatujuani. Mimi ni dalali, niko sebuleni kwako. Hapa mezani kuna karatasi ya kuiuza nyumba hii, na ndugu yako ametia sahihi. Unayo habari?"

Mashine ziliendelea kuunguruma.

"Kuuza nyumba gani?"

"Hii yenye chumba cha uani."

"Mama, sina nyumba nyingine. Hiyo ndiyo nitakayorudia. Mpe simu mdogo wangu."

Bwana Tai hakuipokea. Alikuwa ameuachia mkoba na anahangaika na fundo la tai yake, ambalo lilikataa kulegea. Karani akafunika kikopo cha wino. Kinyozi alivuta zipu mpaka mwisho, akaichukua ile karatasi yenye jina lake, akaichana, kisha akakaa akivitazama vipande kana kwamba ndivyo vyumba viwili, sebule na jiko.

Muuza mkaa aliwafuata mpaka nje. "Mama, mimi sikusema uongo," alisema.

"Hukusema," Mama Hodi alijibu. "Uliona watu wanaandikiana nyumba ya mwanamke asiyekuwapo, ukakaa umevaa shati safi. Hilo halina jina la uongo, lakini usiku likumbuke."

Alisema kweli, ingawa nusu ya lawama ile ilikuwa ya kwake mwenyewe. Jirani hujibu anachoulizwa. Anayenunua, au anayemnunulia mwenzake, ndiye wa kubeba swali.

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Kinyozi ndiye aliyeanza kusema.

"Shangazi, fedha yote ingekwisha kama utani."

"Usinishukuru mimi. Mshukuru mkeo, na mdomo wake niliokuwa naufinya."

"Nilisema dirisha haliumi," mkewe alisema, akajaribu kucheka, akalia.

Mwisho wa mwezi ulipofika bado hawakuwa na nyumba. Kitanda, watoto na kiti cha zamani cha kunyolea vilihamia chumba cha mbele kwa Mama Hodi, wakabanana. Yeye aliendelea na kazi yake, ila mlangoni kwa majirani hakuuliza tena mwenye nyumba. Alisema wazi, "Nyumba ile inauzwa. Nani aliijenga? Nani huulizwa kabla msumari haujapigwa?" Wengine walimcheka, wakasema uzee umemwingia. Baadhi ya nyumba alinyang'anywa na madalali waliomwahi, na chake hakukipata. Hakubadilisha swali.

Jioni ile ya kuhamia, mke wa kinyozi alilitoa pazia kikapuni. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa pana kuliko lile la kule, kitambaa hakikufika pande zote mbili. Alipanda juu ya kiti, nyundo mkononi, msumari ukutani, kisha akasita.

"Shangazi, nipige?"

"Piga," Mama Hodi alisema. "Hapa hakuna wa kupigiwa simu."