Folda Aliyoifagia Wanjira

Wanjira wa Waithaka hajawahi kuhama ploti ya kupanga bila kukifagia chumba, na tabia hiyo aliibeba hadi maabara ya mjini. Huko programu ya kuchambua picha za hadubini ilikaa ndani ya kontena, kijumba chake ndani ya kompyuta, na folda moja tu ndiyo iliyotumiwa na kontena na kompyuta kwa pamoja. Mtu wa darasa la saba angeelewa hapo. Wanjira, na digrii yake, hakuelewa.

Ijumaa alipomaliza kazi, aliamuru picha zote za ndani ya kontena zifutwe. Ufutaji ukachukua muda isivyo kawaida.

"Madam, mbona unafagia nyumba ya wenyewe?" Kibe, mwenzake, alimtania.

"Hizi ni kopi tu, wewe. Za ukweli ziko nje."

Kibe akaacha kucheka. "Nje wapi? Hiyo folda ni moja, Wanjira."

Wanjira aliifungua upande wa kompyuta. Picha za chembe za mapafu ya wagonjwa mia mbili waliosubiri majibu Jumatatu, zisizo na nakala kwingine, zilikuwa zikitoweka moja baada ya nyingine. Akachomoa waya wa umeme.

Skrini ikawa nyeusi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiwasha.